Bango la Ngoingwa

Mume wangu ni mpiga picha wa kanisani. Si wa studio, si wa zile harusi za droni na msururu wa magari meupe. Ni yule mnayemwona akinyata kando ya viti wakati wa ubatizo, amevaa kizibao chenye mifuko mingi, nanyi mnamwondolea miguu bila hata kumwangalia. Kwa miaka mingi kazi yake ilienda hivi: ibada ikifika katikati, memori kadi inapanda boda boda hadi mjini Ruiru, inaprintiwa, na kabla mchungaji hajatoa baraka za mwisho picha zimesharudi. Mimi natandika leso langoni, nazipanga chini moja moja, sura juu. Watu wakitoka wanainama kujitafuta.

Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa inaungua. Mtu anajiona, anacheka, anamwita shangazi yake aje aone. "Haki kameraman amenitoa vizuri!" Kisha anatoa simu, anaipiga picha ile picha, anairudisha kwenye leso na kwenda zake kupika. Wengine waliishika kona mbili ili upepo usiipeperushe, wakaniomba mimi nisogee nisiwawekee kivuli. Mimi! Nisogee kwenye leso yangu!

"Dada, si hiyo unalipia?" nauliza.

"Kwani si ni sura yangu? Nilipie sura yangu ya nini?"

Na hao waliokubali kulipa, bei ilikuwa vita. Hamsini ni nyingi. Ya mtoto iwe nusu kwa sababu mtoto ni mdogo. Mama mmoja alitaka apunguziwe ati kwenye picha amefumba macho. Nilimwambia arudi ndani akabatizwe tena, macho yakiwa wazi. Mume wangu akanivuta kando. "Achana nao, mama watoto. Ni wateja." Yeye ni mzaliwa wa hapa, wa Theta, na ana upole wa kukuudhi. Mimi ni wa Kakamega. Ukiniibia, nitapiga nduru mpaka majirani watoke.

Picha zilizobaki tulirudi nazo nyumbani Mugutha. Hakukubali zichomwe hata siku moja. Alisema hawezi kuchoma uso wa mtu. Basi zikajaa kwenye katoni chini ya kitanda, nyuso za watu ambao tayari walikuwa nazo kwenye simu zao. Kila nikifagia nazigonga na ufagio.

Binti yetu wa kwanza alikuwa na miaka sita ile Jumapili ya Matawi. Nilimvalisha gauni la njano, na meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka. Watoto wa shule ya Jumapili waliingia wakiimba, matawi juu, na yeye, badala ya kulipunga lake, alikuwa anamtekenya nalo mtoto wa mbele yake shingoni. Baba yake alimkamata hapo hapo: amegeuka, amejua ameonekana, anacheka kwa mdomo wote na lile pengo. Mimi mambo ya picha siyajui, lakini hiyo niliijua. Ukiitazama ulikuwa unacheka kabla hujajua unacheka nini.

Baba yake aliiprinti kubwa, akawa anaiweka katikati ya leso kila Jumapili ili kuvutia watu. Haikuwa ya kuuza. Binti mwenyewe alikuwa anasimama kando yake na kuwaambia wapita njia, "Huyo ni mimi." Watu wangapi waliipiga kwa simu, sijui. Siku moja nilimuuliza baba yake kwa utani hiyo ni bei gani, akanijibu kwamba hiyo bado hajaipatia bei.

Disemba ya mwaka huo, kabla hajaingia gredi ya kwanza, alishikwa na nimonia. Begi tulikuwa tumeshamnunulia. Sweta ya shule ndiyo hatukuwa nayo, tulikuwa tunangoja mshahara wangu wa kiwandani. Tulimzika Theta, kwenye shamba la babu yake, pale mahindi yanapoishia. Siku hizo sitazisimulia. Siwezi, na sitaki.

Ila jambo moja lazima nilitaje. Programu ya mazishi ilitengenezwa kwenye duka la kuprinti mjini Thika. Mume wangu alienda na flashi yenye ile picha ya matawi, ile yenyewe, safi, ambayo hakuwahi kumpa mtu yeyote. Huyu ni mtu ambaye hata mteja akimlipa hatoi picha kabla hajaandika jina lake kwenye kona. Siku hiyo aliinakili kwenye kompyuta ya watu, akawasomea jina la mtoto na majina yetu, akalipa, akabeba programu zake akatoka. Hakuifuta. Nani angekumbuka kufuta, siku kama hiyo?

Mwaka ukapita, na miezi juu yake. Jumamosi moja chama chetu cha wanawake wa kiwandani kilikutana kwa mwenzetu Ngoingwa. Nilipanda boda boda mjini Thika, bakuli la chapati mapajani. Tukapita ukuta wa shule, moja ya hizi za kibinafsi zinazochipuka katikati ya fleti mpya. Juu ya ukuta kulikuwa na bango refu: nafasi zipo, kuanzia chekechea hadi gredi ya sita. Na mtoto wangu alikuwa hapo, mkubwa kunishinda, anacheka.

"Simama!" Nilimpiga mwendeshaji mgongoni. "Simama!"

"Mathe, bado hatujafika."

"Nimesema simama!"

Chapati zilimwagika na sikuziokota. Nilivuka barabara nikasimama chini ya lile bango nikiwa nimeinua uso. Pengo lilikuwepo. Kile kikovu cha tetekuwanga karibu na nyusi kilikuwepo. Lakini tawi halikuwepo, wala gauni la njano. Walikuwa wamemvisha sweta. Sweta ya kijani yenye mstari mweupe shingoni, na kola, na tai. Mayi we! Mimi niliyekuwa nangoja mshahara nimnunulie sweta. Mtu nisiyemjua alikuwa amemvisha mtoto wangu sare, amemfunga tai, amemwandikisha shule. Nilikaa kwenye vumbi nikalia mpaka mlinzi wa lango akaniletea maji na kuniuliza kama nimeibiwa. Nilimwambia ndiyo.

Mume wangu hakuniamini. Alienda kesho yake baada ya ibada, peke yake. Aliporudi alikaa kitandani bila kuvua viatu.

"Wamekata tawi," akasema. Halafu akaongeza: "Na hiyo sweta imekaa vibaya. Mwanga wa uso unatoka kushoto, wa sweta unatoka kulia."

"Hicho ndicho ulichoona?" Nilimfokea mpaka kitinda mimba wetu akaamka. "Mtoto wako anatangaza biashara ya watu na wewe unaniambia mambo ya mwanga?"

Mimi nilijua ninachotaka. Nilitaka bango litolewe na nipewe mkononi, nirudi naye nyumbani. Basi. Sikutaka mtoto wangu apigwe na jua pale kila siku akiwaitia watu wateja, na hakuna aliyetuuliza hata neno. Lakini kila nikimwambia twende tukaonane na mwenye shule, ananiambia ngoja. Wiki hii ngoja. Wiki ijayo ngoja. Nikamwita mwoga. Nikamwita na mengine ambayo mtu wa kanisani hafai kuyaandika.

Kumbe kulikuwa na sababu. Yule mlinzi ndiye aliyeniambia kwamba kuna baba mmoja mwenye kamera anayekuja karibu kila asubuhi, anasimama ng'ambo ya barabara, anatazama bango, kisha anaenda. Nilimuuliza mume wangu usiku huo huo kwa nini alikuwa ananificha.

"Ni mkubwa pale, mama watoto," akasema. "Hajawahi kuwa mkubwa hivyo."

Hasira yangu ilikosa pa kushika. Na ningemlaumu vipi? Mlinzi alinizoea mimi pia. Nikitoka kiwandani, badala ya kwenda moja kwa moja stendi, nilikuwa napanda kwanza boda hadi Ngoingwa na kusimama chini ya ukuta ule na mkoba wangu, kama mzazi aliyekuja kumchukua mtoto wake. Nauli iliniishia huko. Mtoto wangu alikuwa anacheka na mimi nilikuwa nimemkosa mno, na wezi wake ndio walionirudishia nimwone. Hilo liliniuma kuliko wizi wenyewe.

Kilichotuondoa hapo ni mvua. Upepo ulilichana bango kwenye kona ya juu, na kila tulipopita mpasuko ulikuwa umesogea, ukielekea sikioni mwake. Jioni moja mume wangu akaja akasema, "Kesho twende."

Mwenye shule alitupokea ofisini kwake, akatuagizia chai. Mume wangu akaweka mezani picha yetu ya nyumbani, ile ya leso, tawi likiwa mahali pake. Yule mama akaitazama, akainuka kwenda dirishani akatazama bango kwa nyuma, akarudi akaitazama tena.

"Lakini hili bango nililipia," akasema. "Risiti ninayo." Akafungua droo akatuonyesha. Mume wangu alisoma jina la duka la Thika lililokuwa juu ya risiti, kisha akafumba macho. Hapo ndipo alipojua picha ilitokea wapi. Nilimwona akijua.

Ningependa kusema kwamba yule mama alikuwa mtu mbaya. Hakuwa. Ndiyo maana nilishindwa pa kuanzia. "Mniwie radhi kabisa," akasema. "Mimi niliwaambia tu wanitafutie mtoto mwenye furaha. Sasa, baba, tuongee kama watu wazima. Hii kazi ni yako na inafaa ulipwe. Nitajie bei yako."

Bei za kila kitu mume wangu anazo kichwani. Pasipoti, ubatizo, harusi ya nusu siku, harusi ya kutwa, mahafali ya chekechea na majoho. Miaka yote nilikuwa nangoja mtu mmoja tu, mmoja, aseme maneno hayo: inafaa ulipwe. Sasa yamesemwa, kwenye kiti cha sofa, na chai ya maziwa. Na yeye akatoa kifuniko cha lenzi mfukoni. Mikono yake ilikuwa inakizungusha, inakizungusha tu.

Yule mama alidhani ni aibu ya pesa. Akanigeukia mimi akitabasamu. "Ama tufanye hivi, mama. Huyu mtoto mleteni asome hapa. Karo nitamkatia nusu. Kusema ukweli wazazi wananiulizia sana huyu anayecheka yuko darasa gani."

Kengele ya saa ya uji ikalia. Watoto walimwagika uwanjani, na kupitia dirishani niliziona sweta za kijani, kila mahali, kila mahali.

"Hatuwezi kumleta," mume wangu akasema.

"Basi nitakata zaidi ya nusu. Mimi pia ni mzazi, najua hali."

"Madam," nikasema. "Tulimzika."

Aliweka kikombe chini kikamponyoka, chai ikamwagikia risiti. "Ngai," akasema. "Ngai wangu." Alilia kutushinda. Tukajikuta sisi ndio tunaombembeleza. Akaahidi bango litashuka leo leo, na kwamba tutarudi kulichukua, na kwamba pesa atatupa zozote tutakazotaja. Mume wangu akasema pesa hataki, anataka bango tu.

Njiani nilimrukia. Maisha yako yote watu wamekuchukulia kazi bure, nikamwambia, na leo mtu amekuuliza bei kwa heshima zake, unakuwa bubu!

"Nikitaja bei," akasema, "nitakuwa nimemuuza."

"Na usipotaja wamemchukua bure!"

Alisimama katikati ya njia. Akaniambia, "Najua." Tulikuwa sawa sisi wote wawili na haikutusaidia kitu.

Tulipitia lile duka la Thika. Aliyetengeneza bango ni dada mmoja aliyekuwa na kazi za watu wanne zimempangia foleni. Hakukana. Alisema picha ilikuwa imekaa tu kwenye kioo cha kompyuta, katikati ya mamia ya vitu ambavyo wateja huacha, akadhani ni ya mtandaoni. "Kila mtu anaacha picha hapa," akasema. "Na mimi nalipwa kwa bango, mama. Mteja alikuwa amenisimamia hapa." Mume wangu akamwomba aifute. Akaifuta tukiona, na ile ya sweta pia. Mume wangu akamwambia asante. Asante! Nilitoka nje nikapumue, la sivyo ningemkaba yeye.

Kesho yake tukarudi Ngoingwa. Bango jipya lilikuwa limeshapanda: kijana wa miwani, ameshika kitabu. Sijui ni wa nani. Mlinzi alipotuona aliinamisha kichwa. Alikuwa ameambiwa ashushe lile la zamani haraka, akashusha. Kwamba liwekwe, hakuna aliyemwambia. Mwenye shule alitoa amri huku akilia, na hilo la pili likamtoka akilini. Na bango kuukuu halikai hapa kwetu. Kila mtu analitaka: wa kibanda, wa kuku, wa kuni. Kuna mama wa makaa mtaa wa pili ambaye alikuwa ameliomba tangu siku nyingi, mlinzi akampa.

"Ningejua, mama," mlinzi akasema. "Wallahi ningejua ningelala nalo."

Wingu lilikuwa limeshuka tulipofika kwa mama wa makaa. Magunia yake yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, na juu yake turubai jeupe lililofungwa kwa mipira ya tyubu. Upande wa nyuma ndio uliokuwa juu. Mtoto wangu alikuwa chini, uso kwenye makaa.

"Hiyo ni yetu!" Nilishaanza kufungua mpira. "Toa! Toa hapo!"

"Yenu aje?" Mama wa makaa aliinuka na gambuti zake za mpira. "Mimi nimepewa. Na mvua si hiyo inakuja? Mkiondoa, haya makaa yangu nitafunika na nguo yangu?"

"Nataka hilo turubai," mume wangu akamwambia. "Ni ngapi?"

Alitaja bei ya turubai jipya. Na maneno yalinijaa mdomoni, nayasikia hadi leo: huyu ni mtoto wetu, hii ni sura yetu, tulipe ya nini? Ndiyo yale yale. Ya langoni, ya leso, ya wale waliokuwa wananiambia nisogee. Niliyameza, na yalipita kwa shida.

Mume wangu hakuomba apunguziwe. Aliingiza mkono kwenye ule mfuko wa kizibao anakoweka chenji ya Jumapili, akahesabu, akalipa. Kisha akafungua mipira, akaligeuza bango taratibu juu ya magunia. Uso ulikuwa mweusi. Akavua kizibao, akaanza kuufuta kwa upande wa ndani, paji la uso, nyusi, kile kikovu, hadi pengo likatokea. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yanamwangukia shavuni, na yeye anapangusa, na yanaanguka tena.

Mama wa makaa alisogea akatazama. Alinitazama mimi, akamtazama tena yule wa kwenye bango, na sidhani kuna aliyemwambia kitu. "Haiya," akasema polepole. "Woi, mama." Akainyoosha ile pesa yote kumrudishia mume wangu. "Baba, chukua. Chukueni mtoto wenu mwende."

Mume wangu akatikisa kichwa.

"Kaa nazo, mama," akamwambia. "Hii picha haijawahi kulipiwa na mtu."